Swali la lugha: Chuo kipi "kinalingana" nasi?

Msomaji wa Mbale, afanyaye kazi katika ofisi ya mipango ya chuo kimoja, ameuliza: "Mwalimu, shikamoo. Mpango mkakati wetu una orodha mbili za vyuo tunavyojipima navyo: vya hali kama yetu, na vilivyotutangulia. Zote tumeziita 'vyuo vinavyolingana nasi'. Mwenyekiti ametuuliza tangu lini tukalingana na Makerere. Tuandikeje?"

Marahaba. Mwenyekiti yuko sahihi. Kulingana ni kuwa sawa. Kulinganisha ni kuviweka viwili pamoja uone tofauti. Unaweza kujilinganisha na Makerere bila kulingana nayo hata kidogo.

Kwa orodha ya kwanza nashauri "vyuo rika". Muundo huo tumeshauzoea katika "waelimishaji rika", vijana wanaowafundisha vijana wenzao. Msiandike "vyuo linganishi": isimu linganishi ni isimu, yaani taaluma ya lugha, inayofanya kazi ya kulinganisha, na vyuo hivyo havimlinganishi mtu.

Ila rika hapa si umri. Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa pamoja ndani ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na mwaka 1970 kila kimoja kikajitegemea. Historia hiyo peke yake haivifanyi rika leo. Kinachotazamwa ni idadi ya wanafunzi, kozi zinazofundishwa, kama chuo ni cha serikali au binafsi, fedha zake zinatoka wapi, na uzito wa utafiti kando ya ufundishaji. Chuo cha ualimu kinachoishi kwa ada hakina rika katika chuo kikuu chenye hospitali ya kufundishia.

Hapa nawasihi sana: vigezo vitajwe kabla ya majina, na kile mnachotaka kukipima kisiwe miongoni mwake. Mkichagua rika kwa kuangalia nani anahitimisha wanafunzi wachache kama ninyi, kisha mkaripoti kwamba uhitimishaji wenu ni wa kawaida, mmejipa jibu kabla ya kuuliza.

Orodha ya pili iwe "vyuo tunavyolenga kuvifikia". Ni ndefu, lakini inasema kweli. "Vyuo vya kuigwa" inanitia shaka, maana kuiga ni kunakili, nanyi hamtaki kuwa Makerere ndogo. Tena semeni mnavifikia katika lipi: wahadhiri wenye shahada ya uzamivu, au machapisho. Anayewatangulia kwa yote kwa mbali sana hawezi kuwaonyesha hatua inayofuata.

Mtego wa mwisho ni "kulingana na", ambayo pia ni "kwa mujibu wa". Sentensi "Kulingana na Makerere, wahadhiri wetu ni wachache" inamfanya msomaji adhani Makerere ndiyo iliyosema hivyo. Andikeni: "Tukijilinganisha na Makerere, wahadhiri wetu ni wachache."