Beetle laegemea upande mmoja baada ya kufungwa upya

SWALI: Nina Volkswagen Beetle ya 1965. Tulifungua miguu ya nyuma, tukaweka raba na shokapu mpya, tukapaka rangi. Tangu lirudishwe, nyuma kushoto kumenyanyuka kuliko kulia kwa sentimita 5 na nusu, na mbele kulia kumezama kidogo. Fundi anasema shokapu bado ni ngumu, zitalegea zenyewe. Nisubiri?
Msomaji, Jinja

JIBU: Usisubiri. Shokapu ya mafuta haibebi gari, inatuliza mtikisiko tu. Hata ukiitoa, bodi inabaki pale pale. Nyuma ya Beetle hubebwa na nondo ya kujisokota, ile mafundi wanayoiita tosheni baa, moja kila upande, ndani ya bomba linalokatiza chasisi. Umefanya vizuri sana kupima, kwa sababu hiyo sentimita 5 na nusu inatueleza karibu kila kitu.

Nondo ina meno 40 kwenye ncha ya ndani na 44 kwenye ncha ya nje, inapovaa bamba la springi, yaani chuma bapa kinachoishika ekseli ya gurudumu. Jino moja la nje ni digrii 8 na dakika 10 (digrii moja ina dakika 60). Kwa urefu wa bamba lile, gurudumu husogea karibu sentimita 5 na nusu hadi 6. Kwa hiyo bamba lako la kushoto, kwa kila dalili, limerudishwa likiwa limeruka jino moja. Kule mbele kulia si ugonjwa wa pili: pembe moja ikinyanyuliwa, uzito huhamia pembe ya mkabala. Mtu asiguse miguu ya mbele kwanza.

Hakikisha kabla ya kufungua. Sakafu za gereji nyingi haziko sawa, basi tumia mpira mwangavu wenye maji, kama waashi wanavyofanya, kutafuta mahali palipo sawa. Upepo wa matairi uwe sawa kulia na kushoto. Kisha endesha gari mbele na nyuma kama mita 10, na hapa ndipo wengi hukosea. Beetle ya mwaka huo ina ekseli za kubembea: likishushwa kwenye jeki, magurudumu ya nyuma hukunjika kuelekea ndani kwa chini, tairi hushika sakafu, na gari hubaki juu mpaka litembee. Pima kutoka ncha za bomba la nondo hadi chini. Usipime kwenye madigadi, maana yamefungwa kwa bolti na baada ya rangi hayarudi pale pale.

Sasa zuia magurudumu ya nyuma, weka jeki na kipande cha ubao katikati kabisa ya mhimili wa mbele, inua mpaka matairi yote mawili ya mbele yaachie ardhi kidogo. Tofauti ya nyuma ikibaki, kosa liko nyuma. Ikitoweka, liko mbele. Gari likiwa hivyo, asiingie mtu chini yake.

Kurekebisha: gari likae kwenye stendi, toa gurudumu na bolti ya chini ya shokapu. Piga alama kwa tindo pale bamba linapokutana na bomba la ekseli, la sivyo gurudumu litarudi likiwa limepinda. Fungua kifuniko chenye bolti 4. Bamba limekalia ukingo wa chuma likiwa na nguvu nyingi. Likiachia, hufyatuka kwenda chini na linaweza kuvunja mkono. Likinge kwa jeki, ulishushe polepole.

Likining'inia, pembe yake kwa gari lako iwe digrii 17 na nusu chini ya mstari wa chasisi. Gari kwenye stendi halilali sawa, kwa hiyo pima kwanza mwinamo wa kizingiti cha mlango, uuhesabu. Pande mbili zisipishane zaidi ya dakika 50. Hicho ndicho kipimo kidogo kabisa unachoweza kurekebisha: zungusha ncha ya ndani jino moja, digrii 9, na ya nje jino moja kinyume chake. Kwenye gurudumu ni karibu milimita 6.

Tazama pia ncha ya nondo, utaona L au R. Zimeandaliwa kiwandani kujisokota upande mmoja tu. Zikibadilishana, zitalegea na hata kukatika. Raba zina neno OBEN, Kijerumani cha "juu": lielekee juu. Zipake poda, kamwe si grisi, kwani grisi hula raba.

SWALI: Land Rover Series III yangu imewekewa springi mpya za majani (vyuma bapa vilivyopangwa tabaka). Inalalia upande wa dereva.
Msomaji, Mbarara

JIBU: Springi za upande wa dereva hupindwa zaidi, kwa sababu zinambeba yeye na tangi la mafuta chini ya kiti. Huenda zimebadilishana, au umeuziwa zote za upande mmoja. Zitoe, zilaze chini mbili mbili, ulinganishe upinde. Ukizirudisha, usikaze bolti za bushi gari likiwa hewani, kwani raba itashikwa katika mkao usio wake. Shusha gari, litikise, ndipo ukaze.