Mke ambaye hakuna aliyemwona

Swali lenu la wiki hii lilituomba tutaje kidokezo kimoja kitakachomwezesha mtu kutambua kipindi cha televisheni cha zamani, bila kutaja jina la kipindi wala la mwigizaji. Changu ni hiki: mwanamume huyu humzungumzia mke wake kila mara, lakini sisi watazamaji hatujawahi kumwona mke huyo.

Nyumbani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, mchezo huu tunaucheza umeme unapokatika. Televisheni ikishazimika tunahamia uani, tunaizunguka mbabula, jiko letu la makaa, ambayo maji ya bukari, yaani ugali, yanachemka juu yake, mmoja anatega na wengine wanategua. Simu haziguswi, kwa sababu chaji iliyobaki ni ya usiku, hivyo kila mtu anategemea kumbukumbu yake tu.

Katika mchezo huo nimejifunza kwamba vidokezo vingi vinavyochapishwa ng'ambo havitufai. Wanapenda kuuliza, kwa mfano, ni gari lipi lililopewa sauti na William Daniels, aliyeomba jina lake lisiandikwe kwenye orodha ya waigizaji. Kipindi chenyewe, Knight Rider, kilianza Marekani mwaka 1982, lakini sisi tulikijua kwa jina la K 2000, na gari lile lilituzungumzia Kifaransa. Sauti ya Daniels haikufika masikioni mwetu. Vivyo hivyo, kuuliza nani aliitwa Angus ni kumwonea mtazamaji, kwa kuwa kipindi cha MacGyver kilianza mwaka 1985 na jina hilo la kwanza la shujaa wake likafichuliwa kipindi kikiwa kinakwisha. Kinachokumbukwa na watu ni kisu chake cha mfukoni, na jinsi alivyokataa kushika bunduki.

Kidokezo chema hukaa katika jambo lililoonekana na kila jicho. Niliwahi kutega hivi: mtu amekufa, mwaka mzima umepita, kisha aliyekuwa mke wake anamkuta bafuni akioga. Mama, ambaye alikuwa akikoroga unga, alisimamisha mwiko hewani akasema, «Bobby wa Dallas!», halafu akatueleza kwa uchungu uleule wa zamani jinsi ilivyobainika, mwaka 1986, kwamba matukio yote ya msimu mzima yalikuwa ndoto ya Pamela, mwanamke huyo. Alihisi ameibiwa mwaka, nami naona alikuwa na haki.

Sasa nirudi kwa yule mume. Mjomba wangu ni fundi wa magari, na kwake ilitosha kutaja Peugeot 403 kuukuu yenye paa la kukunjwa. Alijibu «Columbo» kabla sijamaliza sentensi. Kidokezo hicho ni kizuri, lakini kinawapendelea mafundi. Cha mke kinamfikia kila mtu, kwa sababu Peter Falk, aliyeigiza mpelelezi Columbo, alikuwa akimtaja katikati ya maswali yake, mara mke wangu anapenda hiki, mara mke wangu amesema kile, hadi mtuhumiwa akajisahau. Ni kweli kwamba mwaka 1979 Wamarekani walitengeneza kipindi kingine kilichompa mke huyo sura, akiigizwa na Kate Mulgrew, lakini Columbo mwenyewe hakutokea humo hata mara moja, na kwa maoni yangu kipindi hicho hakihesabiwi.

Nkambo wangu, mzazi wa mzazi wangu, hasikii Kifaransa. Miaka ile alitazama Columbo huku mjomba akimtafsiria, na kila mara alikuwa akiuliza, «Huyu bibi yake atakuja siku gani?» Nilipotega kidokezo changu kwa mara ya kwanza, watoto walikuwa bado wanakuna vichwa pale yeye alipojibu kutoka kwenye mkeka wake, bila kujua jina la kipindi, wala la mwigizaji, wala la mpelelezi: «Ni ule wa koti lililokunjamana. Bibi yake hakufika mpaka leo.» Tulimpa ushindi.