Barua kwa mwanangu: ile mwaka mama yako alikuwa haongee na mimi

Mwanangu,

Odio yako nilisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilikuwa ku atelie, mashini inakata mbao, sikuelewa kitu, nikazima yote nikakaa juu ya mbao nikasikiliza tena polepole. Unauliza, "Papa, 2023 mulifanyiana nini na mama? Ugonjwa ilikuwa imeisha, watu walikuwa wanakuja kwetu kushukuru Mungu, na nyinyi wawili mulikuwa munaongea kupitia sisi watoto, mwambie papa chakula iko tayari, mwambie mama natoka." Ni kweli, vile njo ilikuwa. Ulikuwa mukubwa ya kutosha uone, na sisi tukanyamaza, tukakuacha uende masomo Lubumbashi na ile swali mu tumbo. Nilimuomba mama yako ruhusa mbele ya kukujibu. Alisema mwandikie, lakini usijipambe.

Basi lazima nianzie 2022, ju bila ile mwaka hautaelewa.

Mwezi wa pili walimukata kakipande mu titi, wakapeleka ku labo, resulta ikarudi kansa. Walipima tena wakaona kansa yake ni ile inalishwa na omoni za mwanamuke, njo sababu mpaka leo anakunywa kile kikinini cha tamoksifeni kila usiku. Apa Goma ule wakati mashini ya miale, ile ya kuchoma kansa, haikukuwa, tukavuka mupaka. Ku Kigali walitupangia shimio, ile dawa kali ya kuua kansa, mara 8, kila nyuma ya siku 21, kisha operasyo, kisha miale. Nilihesabu ku kalandari ya kanisa nikaona mwaka muzima umeisha ivyo tu.

Shimio nyingi uliiona wewe kuliko mimi, na iyo siisahau. Mwaka wako wa Egzeta, ule mutihani wa kumaliza sekondari, njo ulikuwa ule ule, unapika huku kitabu iko wazi kando ya makala ya moto. Unakumbuka ile siku ulitoka ku choo unalia, unaniambia mama anakojoa damu? Kumbe ni ile dawa nyekundu, doksorubisini, rangi yake inatokaka na mukojo siku moja ama mbili, ata sisi wazazi hatukuwa tumekuambia. Na harufu ya sambaza kwenye mafuta ilikuwa inamutapisha, tukaacha kukaanga samaki mu nyumba, wadogo zako wakalalamika na wewe ukawanyamazisha. Nyuma ya shimio ya kwanza hazikupita wiki tatu nywele zikaanza kubaki ku foronya. Akakuita wewe umunyoe. Mimi nilisimama inje, ku tangi ya maji, nikasikia wembe wangu unapita ku kichwa chake na nyinyi munaongea kidogo kidogo, ata mara moja mulicheka. Sikuingia. Fahamu kama apo tayari nilikuwa nimeanza kukimbia.

Sasa njo nafika ku kitu haujui.

Siku ya 10 nyuma ya shimio ya tatu alipata homa usiku, 38 na kitu. Ku Kigali walikuwa wametuambia wazi, mutu wa shimio akipata homa musingoje asubui, globili nyeupe za damu ziko chini, mwili hauna askari, mukimbie hospitali wapime damu. Nikamupandisha ku pikipiki ya jirani, mimi nyuma namushika. Ile hospitali ya apa mujini tulifika, yule wa zamu akasema ni malaria tu, akaandika dawa ya malaria, damu haikupimwa mpaka asubui nilipoanza kupiga kelele. Globili zilikuwa karibu hakuna. Wakaweka antibiotiki ku seromu, yale maji ya ku mushipa.

Ile usiku, mbele ya asubui, nilikuwa nimekaa ku kiti kando ya kitanda chake. Kazi yangu unaijua, nafanya vitanda, makabati, milango, na masanduku ya wafu pia. Mwanangu, nilimupima kwa macho. Sikutaka, macho ilifanya yenyewe vile mukono wa fundi unashikaka msumari bila kufikiri. Urefu wake, mabega, mbao ngapi, niko na mbao gani ku atelie. Nikafika ata ku rangi ya kitambaa ya ndani. Yeye alikuwa analala, mudomo wazi, anahema mbio mbio. Nilipojishika nikatoka ku koridori nikatapika.

Alipona ile homa, siku sita akarudi nyumbani. Lakini mimi sikurudi. Wiki ya kwanza ya mwezi wa tano, mama mumoja wa soko alikuja ku atelie kuniuliza kama ile meza ya mama yako ku soko ya Virunga bado inangoja mutu, atanipa dola 800 apo apo. Nikasema ndiyo. Meza ya miaka 11, ile bitenge yake ililisha nyinyi wote na kulipa masomo yako, niliuza kwa dakika kumi bila kumuuliza. Na bitenge zilizobaki nikapatia shangazi yako akauzishe.

Niliambia roho yangu ni feza ya shimio. Ni kweli ilienda mule. Lakini nilikuwa naweza kukopa ku likelemba ya maseremala, kile chama cha kuchangiana feza kwa zamu, zamu yangu ilikuwa karibu, na ile parseli, kiwanja chetu cha Mugunga, ilikuwa haijauzwa bado. Ukweli ni kama sikumuona tena ku soko. Nikifunga macho nione meza yake, nilikuwa naona meza bila mutu.

Yaliyobaki ya ule mwaka unayajua, sitaandika mingi. Tangu mwezi wa sita mupaka ukaanza kufungwa saa tisa ya mchana, bisi ikichelewa kutoka Kigali munalala Gisenyi, upande wa Rwanda, mama yako na sashe yake ya kutapika mu mukono. Operasyo mwezi wa tisa, wakatoa titi la kuume lote na zile tezi za ku kwapa. Miale wiki tatu. Noeli alikuwa nyumbani na korali ilikuja kuimba mu salo, pale sebuleni, wewe uligawa fanta.

Mwezi wa kwanza 2023 akavaa liputa mupya ya kitenge, akafunga kilemba ju nywele zilikuwa bado kama za mutoto mudogo, akachukua pikipiki bila kuniambia. Alitaka anifanyie suprizi, aanze kazi. Akafika Virunga, akakuta mama mwengine amekaa ku meza yake, ameweka bitenge zake, ku mbao nilizozichonga mimi. Wale wamama wa kando wote wanamuangalia, wengine wanamukumbatia, hakuna anayejua aseme nini. Walifikiri anajua.

Alirudi kwa miguu. Nilikuwa mu parseli natengeneza mulango wa choo. Akaniuliza swali moja tu, "Uliuza lini?" Nikasema mwezi wa tano. Akahesabu ku vidole, akasema, "Mwezi wa tano? Sikuwa ata nimefika nusu ya shimio." Akaingia ndani. Njo apo ile kimya unaniuliza ilianzia.

Na mimi, pahali pa kuomba msamaha, nikaongeza makosa. Nilikuwa namulinda kama yai. Akishika mwiko wa bugali namunyanganya. Akigusa bido ya maji naita mudogo yako. Mugeni akimuuliza unaendelea aje, najibu mimi, bado hana nguvu. Sehemu moja nilikuwa na haki, wakitoa zile tezi mukono unaweza kuvimba usirudi tena vizuri, na alivimba kweli mwezi wa tatu, pete ikakwama, nikaikata na musumeno wa chuma, yeye analia. Ule upande hawamupimi tensyo ya damu wala kumudunga sindano mpaka leo. Lakini siku ya ule mwiko nilimuona anaangalia mikono yake miwili mitupu kama mutu ameibiwa, akaenda kukaa ku mulango wa jikoni akalia bila sauti. Wewe ulikuwa unapita na masafuria, ukaniangalia vibaya sana. Ulikuwa na haki.

Uliuliza tena juu ya salo, kwa nini nilikuwa nalala pale. Kuna mambo muzazi hamwambii mutoto, kwa hiyo nasema nusu. Hakunifukuza. Ile dawa ya omoni inamuleteaka moto mu mwili usiku, anafungua dirisha, anafunika, anafunua, mimi nikajidanganya kama natoka ili apumuzike. Kumbe niliogopa ule upande wa kuume. Niliogopa kuuangalia, nikaogopa aone naogopa. Na yeye akaelewa kama simutaki tena. Hakuna mutu alituambia kama ugonjwa ikiisha kuna kazi ingine inaanza. Wakati wa shimio, nyumba ilikuwa inajaa, leo mujomba wako, kesho jirani, mwengine analeta sombe, mwengine makala. Mama yako aliposema dawa imeisha wote wakaenda kwao, na ilikuwa haki yao. Tukabaki wawili, yeye anataka kuishi na mimi niko bado ku kile kiti cha hospitali.

Mwezi wa tisa, usiku moja, hakuna umeme, alikuja mu salo na tochi ya telefone akakaa ku kiti. Akasema, "Wewe ulinizika mwezi wa tano. Na haujaniambia siku gani nilifufuka." Akangoja. Sikuwa na jibu. Nikamuambia basi ile ya kupima, mbao, kitambaa, yote, maneno sikuwa nimeambia ata padri. Alinyamaza sana nikafikiri ameinuka. Kisha akauliza, "Ulikuwa umeona mbao ya aina gani?" Nikasema libuyu, ile mbao nzuri. Akasema, "Aa, basi ulikuwa unanipenda." Akazima tochi akaenda kulala.

Asubui nilienda ku ile fremu ya mulango wa salo. Unazikumbuka zile alama za kreyo, kalamu ya risasi? Ulifikiri ni za kupima urefu wa wadogo zako, nilisikia unamuambia rafiki yako ivyo. Ni za mama. Kine, yule wa mazoezi ya mwili, alimuambia asubui na jioni apandishe vidole ku ukuta kama buibui, polepole, mpaka pale inauma, aweke alama. Alikuwa anatumia kreyo yangu ya kazi. Ya chini kabisa iko usawa wa tumbo, ya mwezi wa kumi 2022, kisha zinapanda, pengine vidole viwili, pengine kitu kama unene wa kucha, na pale mwezi wa tatu mukono ulipovimba zinarudi chini. Miezi kumi na moja nilipita pale kila siku sikusoma. Nikatoa metre. Ya juu ilikuwa sentimetre 141.

Nilienda kwa yule mama wa ku meza kumuomba anirudishie, akakataa, na siwezi kumulaumu, alilipa. Nikatafuta fasi ingine, ndogo, karibu na mufereji, si nzuri. Ile wiki sikufanya kazi ya mutu mwengine. Nikachonga meza na sanduku chini yake yenye kufuli, ili zile balo za bitenge zilale pale pale, asibebe asubui na jioni. Etajeri, zile rafu za kupanga bitenge, nilizipanga ili ya juu isipite sentimetre 130, ndani ya alama, asinyooshe mukono mpaka kwenye maumivu. Tirwari, ile droo ya pesa, nikaiweka upande wa kushoto.

Nilipomupeleka aone, hakusema asante. Akazunguka meza, akapandisha mukono ku etajeri ya juu, akateremusha, akapandisha tena. Akavuta tirwari, ikakwama. Akasema, "Hii inakwama." Nikatoa randa, nikapiga magoti pale mu matope ya soko nikaanza kuikwangua, na yeye amesimama juu yangu anashika tochi ju mvua ilikuwa inataka kuja, akaanza kunipigia hadisi ya ile mama wa kuuza unga na bwana yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza ananipigia hadisi. Niliikwangua ile mbao kuliko ilivyoomba, ili asiache.

Si kusema kila kitu kilipona ile siku. Salo nilitoka mwezi wa kumi na moja. Na bado najisikia mukono unataka kumunyanganya bido. 2025, mwezi wa kwanza, siku zile risasi zilikuwa zinapita juu ya mabati na tumelala ku koridori, mama yako alikuwa na tamoksifeni yake ndani ya kitambaa, amefunga ku kiuno, anahesabu mu giza kwa vidole, vikinini 41. Maji ilikatika. Kulipotulia kidogo akachukua ka bido ka litre 5 na mukono wa kushoto, akatoka na wamama wengine kuelekea ku ziwa. Nilifunga kinywa. Roho ilinipiga mpaka aliporudi, lakini nilifunga kinywa, na yeye alijua nimefunga ju alinipatia kikombe cha kwanza.

Dokta alisema kikinini ni miaka 5, pengine 10. Ekzame ya mwisho ilikuwa safi. Ile fremu ya mulango sijaipaka rangi.

Mama yako amesikiliza barua hii nikimusomea, amenisahihisha fasi mbili: pete hakulia nilipoikata, na liputa haikuwa mupya. Atakupigia Jumapili nyuma ya misa ya pili, chukua iyo simu, usimuachie mesaji tu.

Papa yako