Unataka kuweka seva ya Linux nyumbani? Anza na umeme

Kila mdau akisikia nina seva nyumbani, yaani kompyuta inayowaka muda wote kutunza mafaili na kuhudumia simu na kompyuta nyingine, swali la kwanza ni umeinstoli nini, na mi huwa namrudisha kwenye swali lingine kabisa: umeme ukikatika saa nane usiku kwako inakuwaje? Maana programu utazibadilisha hata kila wikiendi ukitaka, ila huku kwetu Dar kinachoua seva ni umeme, na ikifa inaondoka na picha za familia nzima. Kwa hiyo haya ninayoandika hapa ndio huwa namwambia mtu anayeanza, kutokana na jinsi nilivyoishi nayo hii kitu.

Tuanze na mashine. Usikimbilie kununua mpya aisee. Leptopu ya zamani, hasa ThinkPad, hata kama kioo kimepasuka au vitufe vingine havifanyi kazi, ni seva nzuri mno kwa sababu betri iko humo humo ndani, umeme ukikatika yenyewe inaendelea na kazi zake kama hakuna kilichotokea. Kama huna leptopu tafuta zile desktopu ndogo za mtumba zilizotoka maofisini nje, Lenovo Tiny, Dell Micro, HP Mini, ukizunguka Kariakoo hukosi. Desktopu kubwa ile ya kusimama achana nayo hata ukipewa bure, na sababu ni LUKU. Piga hesabu mwenyewe, mashine inayokula wati 60 masaa yote 24 kwa siku 30 ni uniti 43 na ushee kwa mwezi, wakati ndogo inayokula wati 10 ni uniti 7 tu. Sasa kama mita yenu iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la mwisho uniti 75 kwa mwezi, desktopu moja imeshamaliza zaidi ya nusu kabla hata mtu hajachomeka pasi, na kama mmepanga na mnachangia mita moja wapangaji wote basi hapo umejitafutia kesi na majirani kila siku ya kununua umeme.

Ukitumia leptopu kuna vitu viwili lazima uvifanye siku hiyo hiyo. Fungua faili la settingi /etc/systemd/logind.conf uweke HandleLidSwitch=ignore ili ukifunga mfuniko isilale. Cha pili instoli tlp, programu ya kusimamia umeme wa leptopu, afu kwenye settingi zake betri ianze kuchaji ikishuka 75 na iache ikifika 80, kwa ThinkPad inakubali vizuri, leptopu nyingine utakuta kitu kama hicho kwenye BIOS, zile settingi za mashine zinazofunguliwa kabla mfumo haujawaka. Hili usiliruke, betri inayokaa asilimia 100 mwaka mzima kwenye chumba chenye joto la huku pwani inavimba, na dalili yake utaiona pale unapoweka kidole kuendesha mshale, panaanza kunyanyuka au kuwa pagumu kubonyeza. Ukiona hivyo zima, itoe betri, usisubiri kesho.

Kwa desktopu ndogo utahitaji UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, na hapa watu wengi wananunua wakidhani kazi imeisha. Betri ya ndani ya hizi UPS ndogo mara nyingi ni ya volti 12, ile ile inayotumika kwenye mifumo ya alamu, na joto linaichosha haraka kuliko unavyofikiria. Taa ya kijani inaweza kuwaka miaka na betri ndani ishakuwa jiwe. Ijaribu wewe mwenyewe mchana, chomoa waya ukutani uangalie inashika dakika ngapi, rudia kila baada ya miezi michache. Afu iunganishe na seva kwa waya wa USB, instoli nut, programu inayoongea na UPS, ili betri ikikaribia kuisha seva ijizime yenyewe vizuri. Rauta nayo ichomeke hapo hapo kwenye UPS, inakula umeme kidogo sana. Na kitu kinachounguza vifaa mara nyingi ni umeme kurudi, unakuja kwa kishindo unapanda unashuka, kwa hiyo weka frijigadi ukutani kabla ya UPS, inasubiri umeme utulie ndio inaruhusu.

Ndani ya BIOS tafuta kipengele cha nini kifanyike umeme ukirudi, weka iwake yenyewe. Sasa hapa kuna kitu kidogo nataka tukae nacho kidogo maana nimekiona kikisumbua watu sana. Mashine za mtumba nyingi zina ile betri ya saa kwenye ubao, CR2032, imeshachoka. Umeme ukikatika kabisa BIOS inasahau kila ulichoweka, saa inarudi miaka nyuma, na umeme ukirudi mashine inawaka inasimama kwenye maandishi inasubiri mtu abonyeze F1. Kioo haina, kibodi haina, we uko kazini, unabaki kudhani seva imeungua. Hata ikiwaka yenyewe, kama intaneti haijarudi saa inaweza kubaki ya uongo, na bakapu zako, yaani nakala za akiba, zinaandikwa tarehe ambazo sio. Hiyo betri utaipata kwa fundi saa yeyote, kwa hela ndogo tu. Badilisha siku unayoleta mashine nyumbani, usisubiri ikusumbue.

Mfumo wa kuinstoli mi nasema Debian, aina mojawapo ya Linux, na sina haja ya kuzunguka. Imeanza 1993, haibadiliki badiliki, Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 itapata masahihisho ya usalama kwa miaka mitano ukihesabu na ule muda wa nyongeza, na apdeti zake ni chache kwa hiyo bando halikimbii. Washa unattended-upgrades, iwe inajiwekea apdeti za usalama yenyewe. Kama una kompyuta zaidi ya moja za Debian nyumbani weka na apt-cacher-ng, mashine ya kwanza ikishapakua kifurushi nyingine zinakichukua hapo hapo ndani.

Kuhusu kuifikia ukiwa nje ya nyumba, angalia kwanza rauta yako imepewa IP gani, yaani anwani ya intaneti, upande wa nje. Ikianza na 100.64 mpaka 100.127 jua uko nyuma ya CGNAT, mnachangia anwani moja na watu kibao, hata ufungue poti zote, ile milango ya kuingilia kwenye rauta, hakuna kitakachoingia, usipoteze usiku mzima hapo. Tumia Tailscale, inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, au kodisha VPS ya bei ndogo, yaani seva ya kukodi mtandaoni, uunganishe kwa WireGuard, njia nyingine ya siri kama hiyo. Na hata kama umepata IP yako mwenyewe bado nakushauri upite njia hiyo hiyo, poti ya SSH, ile ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, ikiwa wazi kwenye intaneti maroboti yanaanza kubahatisha pasiwedi muda si mrefu. Ingia kwa funguo za SSH, zile za mafaili, pasiwedi izime kabisa.

Cha kuweka ndani kianze kimoja, na kiwe kitu ambacho watu wa nyumbani watakigusa. Kwangu kinachonifurahisha kuliko vyote ni Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti. Unapakua Wikipedia nzima kama faili moja, ya Kiswahili ni ndogo tu, ya Kingereza yenye picha inazidi GB 100 kwa hiyo tafuta sehemu yenye intaneti isiyo ya kupima, ukishaiweka kila simu ndani ya nyumba inasoma kupitia waifai bila bando. Watoto wanafanya homuweki bando likiwa limeisha, mtoto wa jirani anakuja na simu yake anasoma mambo ya sayari pale sebuleni, hiyo kwangu inatosha kulipia umeme wote inaokula. Baada ya hapo ndio uongeze Jellyfin kwa muvi na Immich kwa picha za simu.

Ila ukishaweka picha za watu umebeba dhamana, na hapa naomba unisikilize. Hata diski mbili ndani ya mashine moja sio bakapu, RAID, ile ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, sio bakapu, umeme mmoja mbaya unazimaliza zote pamoja, mwizi mmoja anabeba zote. Nakala moja ikae kwenye diski ya nje ambayo unaichomeka siku ya bakapu tu kisha unaichomoa, nyingine ikae kwa ndugu mtaa mwingine kabisa. Mi natumia restic, programu ya bakapu, kwa sababu inasimba data, hata diski ikipotea njiani picha za mama haziangaliwi na mtu. Na kila mwezi chagua picha moja ya zamani bila mpangilio, irudishe kutoka kwenye bakapu, ifungue uione kwa macho. Bakapu ambayo hujawahi kurudisha kitu kutoka humo usiihesabu.

Ukienda kununua diski ya mtumba nenda na flashi ya SystemRescue, Linux inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, omba uichomeke kwenye mashine ya muuzaji, andika smartctl -a ikifuatiwa na jina la diski, itakuonyesha afya yake. Angalia Power_On_Hours, masaa iliyowaka, ikisoma 40,000 hiyo imekimbia zaidi ya miaka minne na nusu bila kupumzika. Angalia na Current_Pending_Sector, idadi ya sehemu zinazoshindwa kusomeka, ikiwa zaidi ya sifuri rudisha, asante, ondoka. Muuzaji akikataa usipime, ondoka pia.

Mwisho kuna daftari. La karatasi kabisa. Andika IP za vifaa, bakapu ziko wapi, pasiwedi ya restic iko kwa nani, maana ukiipoteza hiyo hakuna fundi wa kuifungua. Afu ukurasa wa kwanza waandikie watu wa nyumbani jinsi ya kuzima: bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, usikishikilie, subiri taa izime yenyewe, ndio uchomoe. Waonyeshe wakiwa wamesimama hapo, na kila mmoja ajaribu mwenyewe.