Pikipiki ya safari used: peke yangu na nikiwa na mke

SWALI: Kaka habari za kazi, niko Tabata, urefu wangu sm 168, nataka pikipiki ya safari used, siku za kazi naenda nayo mjini peke yangu ila mwisho wa mwezi nampakia wife tunaenda kwao Lushoto. Nimeonyeshwa Africa Twin ya cc 1000 na V-Strom 650, nichukue ipi?

JIBU: Salama kaka. Chukua V-Strom. Africa Twin ni chuma kweli, naipenda sana, lakini siti yake hata ukiishusha bado ni sm 85 na ikijaa mafuta inavuka kilo 225, sasa uko kwenye foleni ya Buguruni, shemeji yuko nyuma na begi, chini unagusa kwa vidole tu, hapo ikilala kidogo huizuii. V-Strom siti ni sm 83 na nusu, silinda mbili, na ule mlima wa Mombo inawapandisha wawili freshi tu.

Ukienda kuiangalia nenda na shemeji, apande nyuma kabisa, ikididimia sana zungusha ile nobu ya shokapu ya nyuma kwa mkono, isipokaza chochote shusha bei. Futa nguzo za shokapu za mbele na kitambaa cheupe, bonyeza usukani chini mara tano, futa tena, kikitoka na oili basi sili (mipira inayozuia oili) zimekufa. Na namba ya chesisi isipofanana na kadi, ondoka hata kama bei ni tamu.