Kidonda cha Kulalia Hakiletwi na Uzee

SWALI: Mama yetu ana miaka 81 na alipooza upande mmoja baada ya kiharusi. Kwa kuwa sote tunashinda kazini, tulimpeleka katika nyumba ya kulelea wazee huku Nyali, Mombasa, ambako ni kusafi na wahudumu wana adabu. Wiki hii nilipokuwa nikimbadilisha nguo niliona doa jeusi juu kidogo ya makalio, na katikati yake ngozi imechubuka. Msimamizi anasema ni umri na joto la kaskazi, na kwamba wanamsugua kwa spiriti na kumkalisha juu ya mpira wa duara wenye tundu katikati. Je, tununue godoro la hewa, au tumrudishe nyumbani? – Msomaji, Tudor.

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya godoro na kabla ya kumhamisha, mama aonwe upesi na muuguzi au daktari aliyezoea vidonda, kwa sababu ngozi iliyochubuka juu ya mfupa inaweza kuficha nyama iliyokwisha kufa chini yake. Pakitoka usaha wenye harufu, akipata homa au akianza kuweweseka, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, iwe Makadara au nyingine iliyo karibu.

Kauli ya msimamizi nimeisikia mara nyingi mno. Kidonda cha kulalia hutokea pale uzito wa mwili unapoibana nyama kati ya mfupa na godoro kwa muda mrefu hata damu ikashindwa kupita. Uzee huifanya ngozi kuwa nyepesi, jasho na mkojo huilainisha, na kiharusi humwondolea mtu hisia na nguvu ya kujigeuza. Yote hayo huharakisha kidonda, lakini kinachokileta ni kuachwa katika mlalo mmoja. Mji wa Kale una wazee wa umri wa mama yako, katika joto hilihili, wasio na hata mchubuko, kwa kuwa wanajigeuza wenyewe. Anayesingizia umri anasema, kwa adabu, kwamba hakuna wa kuulizwa.

Lile doa nalo halikuanza siku uliyoliona. Vitabu vingi huwafundisha wahudumu kutafuta wekundu, ilhali katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Kinachotafutwa ni sehemu iliyoiva rangi kuliko ngozi inayoizunguka, ambayo ukiigusa kwa kiganja ni ya moto au ya baridi kuliko jirani yake, au ni ngumu, au inabonyea kama embe lililopondeka. Aliyekuwa akimwogesha mama kila asubuhi alikuwa na nafasi ya kuliona.

Kuhusu spiriti, waambieni waache leo. Hukausha ngozi hadi ikapasuka, na kusugua mahali palipokwisha kuumia juu ya mfupa huchana nyama iliyokuwa bado na uhai. Mpira wa duara hubana damu pembezoni mwa kidonda, na glavu zilizojazwa maji chini ya visigino hazisaidii lolote. Wapo pia wanaofungua kapsuli za antibiotiki na kumwaga unga wake kidondani, ukaganda juu na usaha ukabaki chini, na wapo wauzaji wa poda za kuponya kila kidonda ambao hawajawahi kumgeuza mgonjwa hata mmoja. Hawa sina subira nao.

Godoro la hewa hupunguza mgandamizo, lakini halimgeuzi mtu. Mama anahitaji kugeuzwa takribani kila saa mbili, mchana na usiku, akiinamishwa ubavu nusu kwa mto mgongoni badala ya kulazwa moja kwa moja juu ya nyonga, visigino vikining'inia kwa mto uliowekwa chini ya mashavu ya miguu. Anapopandishwa kitandani, watu wawili wamwinue kwa shuka. Kumvuta kwa makwapa hukwangua ngozi. Ale samaki, mayai au kunde kila siku, na daipa ibadilishwe inapolowa, si zamu inapokwisha. Nyumbani kukiwa hakuna wa kuamka saa nane za usiku kufanya hayo, kumrudisha hakutamsaidia.

Jambo hili linawahusu wote wanaotafuta nyumba ya wazee hapa Pwani, kwani tunachagua kwa vigae, bustani na ukimya wa wakazi. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kumwacha mtu hadi aoze mgongo ni dhuluma. Ombeni karatasi ya kumgeuza mgonjwa, ile inayoandikwa saa alizogeuzwa. Ikiwa imejazwa saa mbili, saa nne, saa sita, bila kupishana hata dakika tano, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja hadi katika zamu ya mtu mwingine, jueni ilijazwa mezani. Ulizeni wahudumu wa usiku ni wangapi na wasiojigeuza ni wangapi, yupi kati yao ana leseni ya Baraza la Wauguzi, kisha mwende siku moja usiku bila kutoa taarifa mkawahesabu.