Jibu: Yuda naye alioshwa miguu?

Ndugu, umeuliza kama Yuda alikuwa ameshaondoka Yesu alipowaosha wanafunzi miguu. Hapana, alikuwepo. Soma Yohana 13 taratibu: beseni linaletwa mstari wa 5, Yuda anapokea tonge na kutoka mstari wa 30. Na Yesu alijua kuwa Yuda atamsaliti, mstari wa 11 unasema wazi. Aliyegoma ni Petro. Yuda nadhani alinyoosha tu miguu (hilo naongeza mimi, Yohana hakuliandika).

Sisi Wasabato huoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana. Kumwosha rafiki si kazi. Mwaka jana nilijikuta nimepiga magoti mbele ya jirani tuliyenuniana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Nilitamani beseni litoboke.